Zanzibar Isiyo na Ramani: Mashairi ya Kipuuzi ya Kornei Chukovsky katika Filamu za Katuni za Kisovieti, 1927–1985

Utangulizi

Mwaka 1923 kampuni ya uchapishaji ya Raduga mjini Petrograd ilitoa kitabu chembamba cha mashairi ya watoto kiitwacho Moidodyr, chenye michoro ya Yuri Annenkov. Jina dogo la kitabu hicho lilikitambulisha kuwa ni sinema ya watoto. Hakuna filamu iliyokuwa imetengenezwa. Mtunzi wake, Kornei Chukovsky (1882–1969), alikusudia kwamba mishororo yenyewe ikimbie mbele ya mtoto kama picha zikimbiavyo kwenye pazia: blanketi linatoroka, shuka linaruka, meza ya kunawia inapata miguu na sauti ya kuamrisha, na mtoto mchafu anafukuzwa mitaani. Miaka minne baadaye sinema ya kweli ililichukua shairi hilo. Katika nusu karne iliyofuata, tungo za Chukovsky zilifanyiwa katuni mara nyingi, na studio na vizazi tofauti vya wachoraji.

Makala hii inafuatilia safari hiyo kutoka karatasini hadi kwenye kanda. Hoja yake ni kwamba shairi la kipuuzi huishi kwa sauti, na sauti huacha mambo mengi bila kuyaamua. Picha haiwezi kufanya hivyo: anayechora hana budi kuamua. Kila filamu ya katuni iliyotokana na tungo hizi ni uamuzi kuhusu kitu ambacho shairi lilikataa kukiamua, na ni katika uamuzi huo ndipo walezi, wahakiki na watawala walipopata mahali pa kushika. Jambo hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili kwa njia ya pekee, kwa kuwa moja ya majina ambayo watoto wa Kirusi wamekuwa wakiyaimba kwa karibu karne nzima, bila kujali liko wapi, ni Zanzibar.

Neno “upuuzi” linatumika hapa kwa kukosa lililo bora zaidi. Lina lawama ndani yake, na lawama hiyo ndiyo iliyomwandama Chukovsky. Hata hivyo, shairi la aina hii si maneno yaliyotupwa ovyo. Mizani yake ni kali, vina vyake vimekamilika, sarufi yake haina kasoro. Kinachopinduliwa ni mpangilio wa dunia. Watoto wa pwani wanaocheza lugha ya kinyume, wakigeuza silabi za maneno ili mgeni asiwaelewe, wanajua vyema kwamba mchezo huo hauchezeki ila kwa aliyekwisha kuimudu lugha ya kawaida. Chukovsky alijenga nadharia nzima juu ya wazo lililo jirani na hilo. Kitabu chake kuhusu lugha ya watoto, kilichotoka mwaka 1928 na kupewa mwaka 1933 jina lililokipa umaarufu, Kutoka Miaka Miwili hadi Mitano, kina sura inayotetea upuuzi wenye maana yake. Mtoto anayecheka akiambiwa kwamba paka amebweka, asema Chukovsky, anacheka kwa sababu anajua paka hulia vipi. Kicheko ni ushahidi wa maarifa.

Chukovsky hakuyapata hayo Urusi pekee. Mwaka 1903 na 1904 aliishi London akiwa mwandishi wa habari wa gazeti la Odessa, na huko akajifunza kuupenda ushairi wa watoto wa Kiingereza, ambao baadaye aliutafsiri. Mizizi ya tungo zake imo katika vitalu viwili: wimbo wa kitaifa wa Kirusi na mzaha wa Kiingereza wa karne ya kumi na tisa.

Filamu zisizo na sauti

Mwaka 1927 ulizaa katuni kadhaa za mwanzo kutokana na tungo hizi. Moscow ilitoa Senka Mwafrika, kazi ya Daniil Cherkes, Yuri Merkulov na Ivan Ivanov-Vano, iliyotokana na shairi refu la Krokodil, yaani Mamba, ambalo Chukovsky alilichapisha mwaka 1917. Leningrad, Maria Benderskaya alitengeneza Moidodyr kwa kutumia wanasesere.

Tatizo kubwa la filamu hizo halikuwa la kisiasa. Zilikuwa bubu. Shairi ambalo uhai wake wote ulikuwa katika mdundo na vina lilipelekwa kwenye chombo kisichosikika. Maneno yalibaki kuwa maandishi yaliyokatiza picha, nao walengwa wa filamu, watoto wa miaka mitatu au minne, hawakuweza kuyasoma. Kilichobaki ni kisa. Na kisa, kikivuliwa sauti, huanza kuulizwa maswali ambayo hakikuulizwa kilipokuwa kikiimbwa: mamba huyu anatembea katika barabara ya Nevsky kwa sababu gani? Anapommeza polisi, polisi huyo ni wa serikali ipi? Wanyama wa Afrika wanapopanga kwenda kuwakomboa ndugu zao waliofungwa katika bustani ya wanyama ya jiji, hayo ni mapinduzi au ni mzaha?

Chukovsky mwenyewe, katika amri alizowawekea watunzi wa mashairi ya watoto, alidai kwamba kila ubeti umpe mchoraji kitu cha kuchora, na kwamba picha zibadilike upesi kadiri inavyowezekana. Kwa juu juu, amri hizo ni kama mwaliko kwa watengenezaji wa katuni. Lakini kasi aliyoitaka ni kasi ya ulimi. Mshororo mmoja wa Moidodyr unaweza kutaja vitu vitatu vinavyokimbia kwa muda wa pumzi moja. Mchoraji wa filamu ya sauti, anayehitaji picha 24 kwa kila sekunde, lazima kila kitu akipe mwanzo wa mwendo, mwendo wenyewe na mwisho wake. Sinema ya karatasi ilikuwa na kasi kuliko sinema yenyewe.

Swali la mwaka 1928

Tarehe 1 Februari 1928 gazeti la Pravda lilichapisha makala ya Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin na kiongozi mwandamizi katika Komisarieti ya Elimu, kuhusu Krokodil. Krupskaya aliuliza upuuzi huo una maana gani, akauita takataka za kibepari, na akadai kwamba sehemu ya shairi inamkejeli mshairi Nekrasov. Maxim Gorky, akiwa bado Italia, aliandika barua ya kumtetea Chukovsky iliyochapishwa katika gazeti hilo hilo mwezi Machi. Barua hiyo haikuzima moto. Ilizuka istilahi ya dharau iliyotokana na jina la mtunzi mwenyewe, na vikao vya walimu na wazazi vikapitisha maazimio dhidi ya ngano zake. Mwishoni mwa mwaka 1929 Chukovsky alitangaza katika Literaturnaya Gazeta kwamba anaziacha ngano hizo na kwamba ataandika kitabu cha watoto kuhusu furaha ya mashamba ya ushirika. Kitabu hicho hakikuandikwa. Bintiye mdogo Maria, aliyeitwa Murochka nyumbani, ambaye mashairi kadhaa yalitungwa kwa ajili yake, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Ni rahisi leo kumcheka Krupskaya, na wengi wamefanya hivyo. Swali lake, hata hivyo, halikuwa la kijinga kwa mtu aliyekabidhiwa elimu ya mamilioni ya watoto katika nchi yenye uhaba wa karatasi, walimu na sabuni. Kitu hiki kinafundisha nini? Swali hilo hilo hukaa juu ya kila ombi la fedha za vipindi vya watoto hadi sasa, Afrika Mashariki ikiwemo. Ubongo Kids ya Tanzania, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014, ilibuniwa tangu mwanzo ili kufundisha hesabu na sayansi, na hakuna wa kuilaumu kwa hilo. Ubaya wa swali la Krupskaya ulikuwa kwamba halikuruhusu jibu la aina ya pili: kwamba mtoto anayepindua dunia kwa maneno anajifunza namna dunia inavyosimama.

Athari yake inaonekana katika uteuzi wa mashairi yaliyofanyiwa filamu. Studio ya Soyuzmultfilm ilianzishwa Moscow mwaka 1936, ikaiga mgawanyo wa kazi na mtindo wa michoro ya mviringo wa Disney. Ilipozigeukia tungo za Chukovsky, haikuanza na Krokodil. Mwaka 1939 Ivanov-Vano alitengeneza Moidodyr, na Leonid Amalrik pamoja na Vladimir Polkovnikov wakatengeneza Limpopo, inayotokana na ngano ya Daktari Aibolit. La kwanza ni shairi ambalo mtu yeyote anaweza kulitetea kwa kusema linafundisha kunawa. La pili linamhusu daktari. Moidodyr lilitengenezwa tena kwa rangi na Ivanov-Vano huyo huyo mwaka 1954. Kwa hiyo katika muda wa miaka 27 shairi la sabuni lilipata filamu tatu. Upuuzi uliruhusiwa kupita mlango wa studio ulipokuwa umebeba cheti cha afya.

Mpinzani wa njia hiyo alikuwa Leningrad. Mikhail Tsekhanovsky, aliyekuwa mchoraji wa vitabu kabla ya kuingia katika filamu, alitengeneza Posta mwaka 1929 kutokana na shairi la Samuil Marshak, kisha mwaka 1930 akaitia sauti, na hapo mdundo wa shairi ndio ulioongoza mwendo wa picha. Kuanzia mwaka 1933 alifanya kazi juu ya filamu ndefu ya katuni kutokana na ngano ya Pushkin kuhusu kasisi na mtumishi wake Balda, kwa muziki wa Dmitri Shostakovich. Maneno ya onyesho la sokoni yalitungwa na Aleksandr Vvedensky, ambaye pamoja na Daniil Kharms walikuwa wameusukuma ushairi wa kipuuzi wa Kirusi mbali kuliko Chukovsky alivyothubutu. Mwezi Januari 1936 Pravda ilimshambulia Shostakovich kwa makala ambayo kichwa chake kiliuita muziki wake fujo, filamu ikasimamishwa. Kanda zilizokuwa zimekamilika ziliteketea katika hifadhi ya Lenfilm wakati wa mashambulizi ya anga ya mwaka 1941. Dakika chache tu zilisalimika, na kwa bahati ndizo za sokoni, ambamo wachuuzi wananadi bidhaa zisizonunulika. Vvedensky alikamatwa mwaka huo huo, akafa safarini akiwa mfungwa mwezi Desemba. Kharms alifariki tarehe 2 Februari 1942 katika wodi ya wagonjwa wa akili ya gereza la Leningrad. Onyesho hilo fupi ni miongoni mwa ushahidi mchache uliobaki wa jinsi katuni ya Kisovieti ingekuwa kama upuuzi usingeombwa cheti.

Masharubu ya mende

Chukovsky alishambuliwa tena mwaka 1944, safari hii kwa ngano ya vita kati ya Aibolit na jambazi Barmaley, na tena mwaka 1946, ambapo ngano yake ya Bibigon ilikatizwa ikiwa bado inachapishwa kwa sehemu katika jarida la watoto. Tsekhanovsky, ambaye sasa alikuwa Soyuzmultfilm, aliwahi kutoa Simu mwaka 1944. Baada ya hapo milango ilifungwa hadi Stalin alipofariki.

Filamu ya mwaka 1963 ya Polkovnikov, Tarakanishche, inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu ya tatizo moja dogo la uchoraji. Shairi lilitoka mwaka 1923. Linasimulia kuhusu mende anayewatisha wanyama wakubwa wote hadi wanamtii na kumwahidi watoto wao awale, mpaka shomoro anapokuja na kummeza. Silaha yake ni kuchezesha masharubu. Kwa Kirusi neno moja linatosha kwa vipapasio vya mdudu na kwa masharubu ya mwanamume. Shairi linasimama juu ya neno hilo bila kuchagua upande. Lilipotungwa, Stalin hakuwa bado mtawala wa nchi. Lakini wasomaji wa miaka ya baadaye, waliokwisha kuishi chini ya mtu mwenye masharubu, walimsoma humo, na tarehe ya utunzi haikuwazuia.

Kwa msomaji jambo hilo lilikuwa siri kati yake na ukurasa. Mchoraji wa mwaka 1963 hakuwa na siri. Ilimbidi ashike kalamu achore ama vipapasio ama masharubu, na kila mstari uliozidi unene ungesomwa na watu wazima waliokaa nyuma ya watoto wao. Huu ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa kile ambacho picha humfanyia ushairi wa kipuuzi. Neno linaweza kuwa na maana mbili kwa wakati mmoja na likabaki halina hatia. Mchoro una unene, rangi na upande.

Zanzibar

Ngano ya kishairi ya Aibolit ilitoka mwaka 1929. Mbweha analeta telegramu kutoka kwa Kiboko: watoto wa wanyama wa Afrika ni wagonjwa, wana surua, dondakoo na ndui, daktari aje haraka. Anwani inayotolewa ni ya ajabu. Wagonjwa wanaishi Zanzibar, na Kalahari, na Sahara, na katika mlima wa Fernando Po, penye mto Limpopo. Kalahari na Sahara zimetengwa na takriban bara zima. Fernando Po si mlima bali ni kisiwa cha magharibi, kinachoitwa Bioko siku hizi. Zanzibar iko upande wa pili kabisa. Hakuna nauli inayoweza kulipwa kwa safari hiyo.

Kwa sikio la mtoto wa Leningrad hapakuwa na kosa lolote. Majina yalichaguliwa kwa irabu zake na kwa vina vyake. Limpopo iliingia kwa sababu inapatana na silabi za mwanzo za neno la Kirusi la kiboko. Zanzibar ya shairi hilo haikuwa na sultani, wala karafuu, wala utawala wa Waingereza uliokuwapo tangu mwaka 1890. Ilikuwa kengele.

Limpopo ya mwaka 1939 ilipaswa kuigeuza kengele hiyo kuwa nchi. Kinachojitokeza pale shairi linapogeuzwa kuwa picha ni jambo ambalo sauti iliweza kulifunika: Afrika hii haina watu. Ina wanyama wanaougua na kungoja, na mganga wao anatoka kaskazini. Barmaley, iliyofanyiwa katuni na wachoraji hao hao mwaka 1941, inakwenda mbali zaidi: ujumbe wake kwa watoto ni kwamba wasiende Afrika kutembea, kwa kuwa kuna papa, masokwe, mamba na jambazi mla watoto. Itakuwa kumwonea Chukovsky kumhesabu miongoni mwa watetezi wa ukoloni. Jina la Barmaley lenyewe lilitokana na kibao cha mtaa mmoja wa Petrograd alioupita akitembea na mchoraji Mstislav Dobuzhinsky, na Afrika yake ni ya kuchezea kama jambazi wake. Lakini mtoto anayetazama katuni haoni kibao cha mtaa. Anaona bara. Kosa ambalo ni dogo katika vina huwa kubwa katika rangi, nalo likirudiwa kwa vizazi linakuwa elimu ya jiografia.

David Cherkassky, katika studio ya Kievnauchfilm, alipata njia ya kulipunguza uzito tatizo hili katika Daktari Aibolit, katuni ya sehemu saba iliyotoka mwaka 1984 na 1985. Studio hiyo ilikuwa na uzoefu: mwaka 1981 na 1982 Yefrem Pruzhansky alikuwa ametengenezea huko katuni za Alisi za Lewis Carroll. Cherkassky alizichanganya ngano nyingi za Chukovsky kuwa kisa kimoja, akamkutanisha daktari na Barmaley, mende na nzi, akajaza kejeli na nyimbo kiasi kwamba hakuna mtazamaji angeweza kuidhania Afrika ile kuwa mahali. Alirudisha, kwa fujo ya picha, hali ile ya kutoamua ambayo mtunzi aliipata kwa fujo ya majina. Kati ya filamu zote zilizotajwa hapa, ndiyo iliyo karibu zaidi na roho ya shairi, ingawa ndiyo iliyo mbali zaidi na mishororo yake.

Limebaki suala la Kiswahili. Mtafsiri atakayepewa kazi ya kuitia sauti ya Kiswahili mojawapo ya filamu hizi, iwe kwa televisheni ya Unguja au ya Mombasa, atakuta kwamba anwani ya telegramu imeharibika mikononi mwake. Kwa mtoto wa Unguja, Zanzibar ina bandari, boti za kwenda Dar es Salaam, na shangazi anayeishi Mwanakwerekwe. Jina hilo haliwezi tena kuwa kengele. Likitamkwa, mtoto atauliza ni mtaa gani. Ili upuuzi ubaki upuuzi, huenda daktari akapaswa kuishi Unguja na wagonjwa wake wakae katika miji inayolia vizuri kwa sikio la pwani, kwa mfano Omsk na Tomsk, ambayo ni miji ya kweli ya Urusi na inaoana vina bila ya kulazimishwa. Limpopo, kwa upande mwingine, inaweza kuachwa ilipo, ila mtafsiri ajiandae. Kwa Kirusi mto huo unamwita kiboko. Kwa Kiswahili, silabi zake mbili za mwisho ni popo, naye hayumo katika shairi wala katika filamu yoyote, na mtoto wa kwanza kuisikia ndiye atakayemuulizia.